Tulichukua Mate ya Watoto, Hatukurudi na Jibu

Siku yangu ya kwanza kazini, mtoto tuliyekuwa tukimpima alikwama kwenye neno, na mimi, niliyekuwa nimefundisha darasa la kwanza huko Molo kwa miaka mingi, nikamsaidia kulitamka. Profesa aliyeongoza mradi wetu pale Njoro akazima mashine.

"Mwalimu, hapa hufundishi. Unapima."

Niieleze kazi yenyewe. Tulitafuta sababu ya watoto wengine wenye akili timamu kushindwa kusoma. Mtoto alitema mate kwenye kichupa ili maabara ichunguze jeni zake, yaani yale anayorithi mwilini kutoka kwa wazazi. Kisha nilimvika kofia yenye vitambuzi vinavyonasa umeme mdogo wa ubongo anaposikia sauti kama "pa" na "ba". Mwisho nilimpa maneno yasiyo na maana, kama "pagumo" na "litebo". Neno "mama" mtoto anaweza kulikariri; "pagumo" lazima alisome. Na kila mzazi nilimwahidi, kama nilivyoagizwa, kwamba tungerudi kumweleza tulichokiona kwa mtoto wake.

Kule Sachangwan nilikutana na Chelangat, mmoja wa watoto niliowapima. Alinisimulia jinsi ng'ombe wao alivyozaa mapacha, akamwigiza daktari wa mifugo mpaka nikatokwa na machozi kwa kucheka. Nilipomwekea "pagumo" mbele yake, aliikodolea macho herufi ya kwanza mpaka jasho likamtoka. Dalili zote za disleksia zilikuwepo: ubongo unachelewa kuunganisha herufi na sauti, na tatizo hilo mara nyingi hutembea katika ukoo. Shuleni walikuwa wamemtengea kiti cha nyuma kabisa. Wenzake walikiita kiti cha viazi, yaani cha wajinga, na mwalimu wao aliwaacha waseme.

Nilimfuata Profesa ofisini.

"Prof, turudi kwa huyu mtoto."

"Matokeo ni ya kundi, Mwalimu. Jeni hazikwambii lolote la uhakika kuhusu mtoto mmoja."

"Jeni sawa. Lakini kusoma tulimpima yeye, si kundi."

"Subiri utafiti uishe. Sisi si hospitali."

Nikahamishiwa Naivasha kupima watoto wa Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa, nikatoa ahadi ile ile kwa wazazi wengine. Utafiti ukaisha. Profesa akapigiwa makofi kwenye mikutano, akapandishwa cheo. Nilipoambiwa kwamba hakuna safari ya kurudi kwa wazazi, nilienda Sachangwan mwenyewe.

Chelangat alikuwa ameacha shule. Alikuwa kando ya barabara kuu akiuza karoti. Mama yake alinikaribisha chai. Baba yake, mpakiaji wa viazi kwenye malori, alibaki amesimama mlangoni. Nikawaeleza yote.

"Kwa hivyo si ukaidi?" mama akauliza.

"Si ukaidi, mama. Akifundishwa sauti moja moja, polepole, atasoma."

"Na mlijua hayo tangu mlipomvika ile kofia?"

Baba akasema pale mlangoni, "Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilichapwa mpaka nikaacha shule. Na huyu nimemchapa." Akatoka, akaenda kusimama peke yake kwenye shamba la viazi.

Profesa aliniita. "Umevunja taratibu za mradi."

"Na ile ahadi, ilivunjwa na nani?"

Mkataba wangu haukuongezwa. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nilimfundisha Chelangat nyumbani kwao. Sasa anasoma, polepole lakini anasoma, na amerudi darasani kwenye shule nyingine, pamoja na watoto aliowazidi umri. Miaka aliyopoteza hakuna wa kumrudishia.

Vijana wanaoanza kazi hii huniambia nipoe, eti hasira inamzeesha mtu. Mimi nimeshazeeka. Ujuzi tuliokuwa nao ulikuwa wa kweli na wa thamani, nao ukaishia kwenye kompyuta zetu na kumpa mtu mmoja cheo. Majuzi nilienda Kihoto kuwatafuta wale wengine. Ziwa lilikuwa limepanda. Nyumba nilizoingia na ile kofia ya kupimia zimesimama ndani ya maji, madirisha yameng'olewa, na majirani waliobaki hawajui familia zile zilihamia wapi. Watoto hao wako mahali fulani leo, na kuna mtu anawaita wajinga.