Gari la Baba Mlangoni kwa Wakwe

Baba alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mimi, na alilipenda mno. Kwenye barabara ya Kibondo halikuwa na neno. Tabu ilianza likisimama huku injini inaunguruma. Sokoni Kasulu, tukimsubiri mama anunue maharage, mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, na wauza nyanya wakasogeza meza zao.

Kisha dada yangu akaposwa na kijana wa Rungwe Mpya, akasema siku ya harusi hapandi gari jingine. Tulifurahi, halafu tukaukumbuka ule mshale. Kwa wakwe, bibi harusi hashuki hivi hivi. Mashangazi wa bwana harusi humwimbia kwanza, na wakinogewa hawana haraka, na baba hangekubali kulizima gari lake mbele yao.

Tukalipeleka Heru Juu kwa fundi, rafiki wa baba wa siku nyingi. Yeye na baba wakasafisha rejeta, inayopoza maji ya injini, wakatia maji mapya, wakakaza mkanda wa feni. Tukaliwasha, mshale ukapanda vilevile. Tulikaa tukatafuna mahindi ya kuchoma, kila mtu na wazo lake. Mwishowe fundi akachukua karatasi ya gazeti, akaiweka mbele ya rejeta, injini ikiwa inaunguruma. Karatasi ikaanguka chini.

"Feni haivuti," akasema. "Inazungusha hewa ileile ya moto."

Alitueleza kwamba safarini upepo huingia wenyewe, lakini gari likisimama kazi yote ni ya feni, na feni yetu haikuwa na kava la kuizunguka. Injini ilipopoa, baba akashika bati, fundi akakata. Wakalikunja likaziba pembeni, kutoka kwenye rejeta hadi kwenye feni, wakaacha nafasi mapanga yasiguse. Tukaliwasha tena, na safari hii gazeti lilinata kwenye rejeta kama limegundishwa. Baba alilibandua, akalirudisha, akalibandua tena, akicheka peke yake.

Siku ya harusi tulifika Rungwe Mpya jua likiwa kali. Mashangazi walitoka na vigelegele, wakalizingira gari, wakaimba kwa Kiha kwamba mgeni wao hakanyagi ardhi mpaka nao waridhike. Hawakuridhika upesi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, sikuwaangalia waimbaji, niliuangalia mshale. Ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo.

Dada naye alikuwa akiutazama kupitia bega langu. Akamnong'oneza baba, "Baba, si ulizime tu?"

"Liache liungurume," baba akasema. "Nataka walisikie."

Akafungua mlango, akashuka. Mzee huyu, ambaye hata kwenye harusi za wadogo zake alikaa tu kwenye kiti, aliingia katikati ya mashangazi akacheza, mikono juu, koti likipepea. Dada alicheka mpaka machozi yakamharibia poda. Mashangazi walipomwona mkwe wao anacheza namna ile, wakaanza wimbo mwingine.