Uso Niliourithi na Unga wa Wimbi

Hakuna mtu anayeweza kunidanganya sokoni. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu nimeuza pazia Mosocho miaka kumi na moja, na muuza pazia anazijua hila zote: kitambaa kinachochuja rangi, mita inayoibwa kwa kidole gumba, bei inayoanzia mbinguni ili ishuke polepole. Kwa hivyo kosa nitakalosimulia hapa halikuletwa na mchuuzi yeyote. Nililifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimejaa uhakika.

Lakini nianze na uso. Mama alinipa jina la mama yake, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kwetu Gusii jina la marehemu halitolewi hivi hivi. Ukimpa mtoto jina la mama yako, basi huyo ni mama yako, na utamwita hivyo. Ndivyo nilivyokua, kitoto cha kamasi kinachoitwa "Mama" na mwanamke mzima. Tena kila aliyemjua nyanya alisema tumefanana kama mapacha: paji pana, mashavu ya duara, weusi uleule wa kung'aa. Nyanya hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mama alipotaka kumwona, aliniangalia mimi.

Halafu nikaanza kujipaka krimu ya kujichubua. Simlaumu mtu. Niliwaona wauzaji wenzangu waking'aa na wateja wakiwakimbilia, nikaamini kwamba weupe ndio unaouza pazia. Kwa miaka minne uso wangu ukawa rangi ya chai yenye maziwa mengi, ila viungo vya vidole vilikataa katakata, vikabaki vyeusi. Nilijiona nimependeza, na sitajifanya mtakatifu, kuna siku nilipendeza kweli.

Mama hakunigombeza. Aliacha tu kuniita Mama. Nikienda kumtembelea kwake Nyaramba, ananiita kwa jina lililo kwenye cheti changu cha shule, kama karani anayeita watu kwenye foleni. Kanisani, pale anapohudumu kama shemasi, akahamia mwisho wa benchi, eti krimu yangu inanuka kama rangi ya mabati. Iliniuma kuliko matusi, na nilikuwa mkaidi mno kumwambia.

Aliyenishinda si mama, ni ngozi yenyewe. Uso ulianza kuwaka kila nilipoinamia jiko, na madoa ya kahawia yakajitokeza mashavuni. Daktari aliyenitazama aliniambia niache krimu mara moja, nami nikaitupa chooni siku hiyohiyo. Mimi nikiamua nimeamua. Nilitaka uso wangu urudi, tena haraka, kwa sababu mama alikuwa anazeeka na nilitaka aniite tena lile jina kabla hatujaagana.

Nikaingia kwenye vitu vya asili kwa mikono miwili. Nilianza na avokado, kwa kuwa kwetu yanaanguka chini hadi mbwa wanayasusia. Nilijipaka bichi, nikakauka kama ukuta uliokandikwa, na mbwa wa jirani, ambaye bado hakuwa amesusia, akanifuata hadi dukani. Nikajaribu mshubiri. Utomvu ukanitiririkia mdomoni na kutwa nzima kila nilichokula kikawa kichungu. Nikachemsha majani ya chai kutoka shamba la mama, nikanawa nayo, na ngozi ikakaza hata mteja akinichekesha nashindwa kucheka. Kilichonifaa hatimaye ni mafuta ya avokado niliyokamua mwenyewe. Kuwaka kukaisha. Baada ya miezi saba weusi wangu ulikuwa umerudi, ingawa madoa yalibaki kama vivuli.

Nikampelekea mama uso huo nikiwa na kiburi cha mtu aliyeshinda kesi. Alinitazama kwa makini, akasema, "Unaendelea vizuri," kisha akaniita kwa jina la cheti. Nilirudi Mosocho nimenuna.

Msichana wa saluni iliyo karibu na duka langu ndiye aliyenishauri kuhusu wimbi. "Siz, hizo madoa itatoka na wimbi," aliniambia huku akisuka mtu. "Changanya unga na asali na maji ya uvuguvugu, iache ikae siku tatu. Paka uso, paka hadi kwa nywele. Utarudi kuwa mtoto."

Nilishuka soko la Keumbu. Mama mmoja alikuwa na magunia mawili ya unga wa wimbi. Mmoja ulikuwa wa kawaida, ule wa uji na ugali. Wa pili ulikuwa mwekundu zaidi na ulinukia utamu, kama mkate unaotoka motoni. Nikauelekezea kidole.

"Unajua kazi ya hiyo, dada?" akaniuliza, akitazama kitabu changu cha nyimbo za kanisa kilichochungulia kwenye mkoba.

"Wimbi nimelelewa nayo, mama. Nipimie kilo mbili."

Alinipimia. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakuwa na biashara ya pazia.

Nilichanganya Jumanne. Ijumaa mchanganyiko ulikuwa unatoa povu na kuchemka bila moto, nami nikafurahi, nikaona nguvu za asili hizo zinafanya kazi. Nikaubeba hadi Nyaramba. Jioni, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, nikajipaka uso na kuusugua hadi kichwani. Uso niliunawa. Nywele niliziacha zinyonye hadi asubuhi, nikasahau kwamba asubuhi hiyo ni ya Sabato na nyumbani kwa mama hakuna anayeosha nywele siku hiyo. Nikafunga kitambaa, tukaenda kanisani.

Kufikia katikati ya mahubiri, jua lilikuwa limeyachoma mabati, na kichwa changu kikapata joto. Harufu ikaanza kupanda. Mwanamke wa mbele akageuka. Wa nyuma akakohoa. Mzee mmoja, aliyeokoka ukubwani, akainua pua na kutabasamu kama mtu aliyemsikia rafiki wa zamani akipita barabarani. Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimenunua kimea, wimbi iliyooteshwa kwa ajili ya kupikia pombe. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupika wala kunywa, ningekijulia wapi? Binti wa shemasi alikuwa ameketi katika nyumba ya Mungu akinuka busaa kuanzia utosini.

Mama alikuwa mwisho wa benchi. Nilimwona akinusa mara moja, kisha mara ya pili. Akasimama, akanishika mkono, akanitoa nje hadi nyuma ya tangi la maji. Nilijiona mdogo kama mtoto wa chekechea. Nikaanza kujitetea kuhusu asali, saluni na gunia la Keumbu. Hakunisikiliza. Alikifungua kitambaa changu, akaingiza pua kwenye nywele zangu, akabaki hapo.

Nilingoja anigombeze.

"Alikuwa anapika," akasema.

"Nani?"

"Mama yangu. Alipika busaa mpaka alipokufa. Ndiyo ilinilipia shule. Alinibeba mgongoni akikoroga, na shingo yake ilinuka hivi hivi." Alinusa tena. "Nilipobatizwa nilijikataza kumtaja na pombe yake. Uso wake nilikuwa nao, nilikuwa nao kwako. Hii harufu nilikuwa nimeisahau kabisa. Sikujua hata kwamba nimeisahau."

Kumbe nilikuwa nimebeba nusu tu ya nyanya miaka yote. Mama alinishika mashavu kwa viganja vyake vilivyotiwa weusi na majani ya chai, akayapitia madoa kwa vidole gumba, moja baada ya jingine, bila kuniuliza lini yataisha. Tulilia wote wawili, kisha akacheka, kwa sababu ndani kwaya ilikuwa imeanza kuimba wimbo wa kuacha anasa za dunia.

Alinifunga kitambaa yeye mwenyewe, akakikaza, akanipangusa uso kwa upindo wa nguo yake.

"Twende ndani, Mama," akasema. "Na ukae karibu nami."