Msaragambo wa Mashine ya Tangawizi

Nilitumwa Upare kwa sababu ya mashine moja ya kusaga tangawizi, na kwa sababu, kama alivyosema meneja wangu, nina mdomo. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha vinywaji Morogoro, na unga wetu wa tangawizi hutoka kwenye ushirika mmoja wa wakulima jirani na Chome. Kila msimu mashine yao ilisimama, unga ukakatika. Kiwandani kwetu tulikuwa tumeanza utaratibu tunaouita matunzo ya wote: anayeendesha mashine ndiye anayeisafisha, kuikagua na kuitia grisi, na fundi anabakiziwa makubwa. Nikawafundishe na wao. Tena niwahi, maana Jumatatu wanachama walikuwa wapige kura: wabaki na mashine, au waiuze na kurudia kuuza tangawizi mbichi.

Basi liliposimama Hedaru niliona maana ya kurudia huko. Magunia ya tangawizi mbichi yalikuwa yakipakiwa kwenye lori, mengine yamekwisha kuota, na mwenye lori ndiye aliyekuwa akipanga bei. Nililala Same. Asubuhi nikapanda gari la mizigo kuelekea milimani, kwa barabara iliyonikumbusha kila mfupa nilionao.

Chome ilinipokea kwa ukungu. Mzee Elieza, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa akinisubiri na koti la ziada mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nilijua mtu wa Morogoro atakuja na shati tu.”

Nyumbani kwake tulikula makande, kisha akanipeleka kiwandani, banda safi la bati. Mashine yenyewe ilikuwa imevaa tope la tangawizi lililokauka, na ukutani palikuwa na bango: USIGUSE MASHINE. MWITE FUNDI. Huyo fundi anakaa Same. Mwendeshaji, Mama Elia, alisimama kando ameikunja mikono.

“Ikianza kugonga unasikia?” nilimuuliza.

“Nasikia. Lakini kusoma nako najua,” akajibu, akilionyesha bango kwa kidevu.

Mzee Elieza aliniambia kwamba bango lile aliliandika mwenyewe, baada ya kijana mmoja kukatwa kidole. “Mkanda wa mashine ukikatika unanunuliwa,” alisema. “Kidole je?” Kwa hiyo somo langu la kwanza likawa kuzima swichi kuu kabla mtu hajasogea. La pili, kusafisha.

Hapo uso wa mzee ukachangamka. “Kumbe unazungumzia msaragambo.” Akanieleza kuhusu ndiva, bwawa lao la kumwagilia: kila anayelitumia hutoka siku moja na wenzake kuzoa tope, na asiyetoka zamu yake ya maji inampita. Nilifurahi kupita kiasi, tukapanga Jumamosi iwe siku ya msaragambo wa mashine. Nikaona kazi yangu imekwisha kabla haijaanza.

Jumamosi nilitoka kwa mwenyeji wangu nimeshiba chai, nikakuta msaragambo umeanza kitambo. Walikuja kama wanavyokwenda kwenye ndiva: wanaume na majembe, wanawake na ndoo. Walikuwa wamepanga mstari kutoka mferejini, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na mashine inamwagiwa maji juu mpaka chini. Mota ilikuwa inachuruzika. Nilishika kichwa.

“Umeme tulizima,” Mama Elia aliniambia kwa fahari. “Ulivyotufundisha.”

Nilikasirika, tena sana, halafu sikuona wa kumkasirikia. Tuliifungua mota, tukaianika mbele ya banda, na jua lilipojificha tukaiwekea jiko la mkaa kwa mbali. Watu hawakuondoka. Walizunguka kitako cha mashine, sasa kinang'aa, na hapo wote tukaona kilichokuwa kimefunikwa na tope: boliti moja haipo, nyingine zimelegea. Mashine ilikuwa imeinama upande, inajilia mkanda wake. Fundi wa Same alikuwa akija, anabadilisha mkanda, anaondoka.

“Tumeuguza mkanda miaka yote,” alisema Mzee Elieza polepole, “na mgonjwa ni mwingine.”

Jumatatu wanachama walikaa nje ya banda kuishuhudia ikiwashwa kabla ya kura. Boliti zilikuwa mahali pake na mota imekauka. Ikanguruma. Unga ukaanza kushuka, watu wakapiga makofi. Ghafla Mama Elia akanyanyua mkono na kuizima.

Mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma, “Imekufa tena. Tupige kura twende mashambani.”

Mzee Elieza alimgeukia mama yule. “Nani kakuruhusu kuizima?”

“Hakuna, mzee. Inagonga.” Aliangalia swichi kuu, akachukua spana, akapiga magoti. Nilitamani kumsaidia, nikajizuia. Boliti moja ilikuwa imeanza kulegea. Akaikaza, akaiwasha tena, na mashine ikasaga mpaka gunia la kwanza likajaa.

Kura ziliamua mashine ibaki. Mzee Elieza hakutoa hotuba. Alilishusha bango, akaligeuza, akaandika kwa mkaa: ZIMA KWANZA, NDIPO UGUSE. Akamwomba Mama Elia alitundike.

Nilirudi Morogoro na kilo chache za tangawizi, na koti ambalo mzee alikataa kulipokea. Nilikwenda kufundisha kwamba mashine ni ya wote, na Wapare hilo walikuwa nalo tangu babu zao. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, nalo lilinihusu mimi: kumwamini anayeizima.

Wiki hiyohiyo mwendeshaji mmoja wa kwetu alisimamisha mashine ya kujazia chupa katikati ya kazi. Nilimwendea mbio, na yeye akarudi nyuma hatua moja, maana amezoea ukali wangu. Swali langu la siku zote, nani kakuruhusu, lilikuwa tayari ulimini. Nililimeza.

“Umesikia nini?” nikamuuliza.