Mluzi wa Saa Sita

Harufu ya maganda makavu ya maharage yaliyopigwa na jua hunirudisha Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye uwanja wa bibi yangu aliokuwa akiufagia mpaka unang'aa. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa hospitali Mbarara akisubiri kujifungua, shangazi akimpikia huko, na kazi yangu na bibi ilikuwa kuwapelekea maharage ya shambani. Jirani yetu mmoja angeyabeba kwa gari la mchana, na bado yalikuwa yamejaa makapi.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Bibi aliinua ungo juu ya kichwa, akamimina polepole, na makapi yakaanguka palepale miguuni pake pamoja na maharage. Akarudia, akasonya, akarudia tena. Kwa majirani zetu, Warundi wenzetu, upepo ukigoma wakati wa kupepeta, mvulana wa nyumba alipiga mluzi kuuita. Nyumba yetu haikuwa na mvulana, na msichana alikatazwa kabisa.

Jua lilipofika utosini na udongo kuanza kuchoma nyayo, bibi aliingia ndani kunywa maji. Nikachungulia huku na huku, nikakunja midomo, nikapiga mluzi. Haukuwa mluzi wa maana, nusu yake ilikuwa mate. Lakini upepo ukaja kweli, wa ubaridi, kutoka upande wa ziwa, na bibi akatoka mbio.

"Weye mutoto! Mutoto mwanamuke hapigi miruzi! Unataka kumuitia mama yako mabaya?"

Hata hivyo aliukamata ungo wake upesi, maana hakuwa mjinga wa kuuacha upepo upite bure. Gunia liliondoka safi.

Kesho yake jirani alirudi na habari: mama yuko salama, mtoto hakuishi. Bibi alikaa chini, akanitazama, akasema, "Nilikukataza miye." Mama aliporudi, amekonda, nilishindwa kumwangalia usoni. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwua ndugu yangu, na sikumwambia mtu.

Nilikuwa sekondari Mbarara, nikikaa kwa shangazi mtaani Kakoba, siku mwalimu wa jiografia alipochora ziwa na nchi kavu ubaoni. Jua, alieleza, hupasha ardhi joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi ya moto huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baridi, nzito, iliyo juu ya ziwa, husogea kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo, na mara nyingi huanza mchana ukishapamba moto. Wenzangu waliandika. Mimi nililia mpaka mwalimu akadhani naumwa. Upepo ule ulikuwa njiani tayari! Ungefika hata kama ningekuwa nimelala. Na kama sikuuita upepo, basi sikuwa nimeita kitu kingine chochote.

Likizo nilienda kumweleza bibi, nikionyesha kwa mikono jinsi hewa inavyopanda, nimejiandaa kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miruzi gani, mwanangu?" akauliza.

Nilipomkumbusha alifunika kinywa. "Miye nilikuambia vile? Na weye ukabeba iyo miaka yote, peke yako?" Akalia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Siku hizi naishi Kakoba na mama yangu na binti yangu. Maharage nanunua sokoni yakiwa yamepepetwa tayari. Binti yangu hupiga mluzi kutwa nzima, vibaya kabisa, tena chakula kikiwa mdomoni, na hakuna anayemkataza. Habari ya jua na ziwa naijua vizuri, naweza hata kuifundisha. Lakini mluzi ukilia, mimi hutega sikio kwanza kuelekea chumbani kwa mama. Nikimsikia anakohoa, ndipo humwambia mtoto aendelee.