Kikapu Hakirudi Kitupu

Donald Mwandawiro wa Mwakingali, hapa Voi, ukimwita muuza vikapu atakurekebisha papo hapo. Yeye ni mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini? Wa duka la mtandaoni, bwana wee, lenye picha safi, lenye nembo, na lenye stoo ambayo kwa watu wengine ni chumba cha wageni. Vikapu vyenyewe husukwa kwa mkonge na akina mama wa Kasigau, na haki ya Mungu ni vizuri. Kwa hilo tu hajatia chumvi.

Kabla ya ukurugenzi alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, na mpaka leo hujisifu kwamba enzi zake hata msumari haukutoka bila sahihi. Kwa hiyo sistimu ya kwenye simu aliipenda kama mtoto wake wa kumzaa. Ukiuza kikapu, unabonyeza "Kimeuzwa," hesabu inashuka. Mteja akikirejesha, unabonyeza "Kimerudishwa," hesabu inapanda. "Sistimu haidanganyi," humwambia mkewe Daisy kila jioni, naye Daisy hujibu, "Sawa, mkurugenzi," huku akichambua mchicha.

Shida ni kwamba sistimu haikuwa na kitufe cha shangazi.

Donald ni mtoto wa Mgange, na kule milimani mtu haendi kumwona mzazi mikono mitupu. Mifuko ya plastiki nayo serikali ilishaipiga marufuku. Basi akizaliwa mtoto, au ikija posa, au kanisa likiitisha mavuno, ukoo mzima ulijua mkurugenzi ana vikapu chumba kizima. Naye akishasifiwa kidogo, loo, anakuwa mwepesi kama unyoya! "Beba tu, shangazi! Kwani duka si lenu?" Wala hakubonyeza kitu. Angebonyeza nini? Havikuuzwa, havikurudishwa. Simu ikaendelea kusema arobaini, na Donald akaendelea kuiamini simu.

Ndipo ikaingia oda. Msichana mmoja wa Nairobi, jina lake Shanice, alikuwa anafunga ndoa Jumamosi, akataka vikapu thelathini vya kupamba meza za wageni. Donald akabonyeza "Nimekubali" kwa kidole cha maringo, akaenda stoo huku anaimba, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na vikapu saba na paka.

"Daisy! Tumeibiwa!"

"Na nani?" Daisy aliuliza kutoka jikoni. "Anza na shangazi Wakio. Wewe mwenyewe ulimbebea hadi stendi."

Mkurugenzi akakaa kitako. Wenye soko la mtandaoni walikuwa wameshamwonya: umevunja oda mbili, ukivunja ya tatu tunafunga duka. Na duka likifungwa, yeye ni nani tena? Ni mzee wa Mwakingali mwenye paka. Aliogopa, tusimfichie aibu. Aliogopa mpaka chai ikamshinda. Akapiga simu Kasigau. Akina mama wakamwambia mahindi yanakaribia kukomaa, ndovu wameshanusa, na mikono yao wenyewe kwa sasa inagonga madebe ya kuwafukuza, haisuki.

Kesho yake akachukua bodaboda mpaka Mgange. Shangazi Wakio alimpokea kwa vigelegele, akamwekea chai na viazi vitamu. Vikapu vilikuwa vimetundikwa ukutani, safi, vinamtazama.

"Shangazi, nimefuata vikapu vyangu."

"Vipo, mwanangu. Maharagwe ndiyo bado mabichi."

"Mimi sitaki maharagwe."

"Nani amekuuliza unataka nini?" Shangazi aliweka kikombe chini. "Nikurudishie kikapu kitupu? Ili majirani waseme Wakio hakulelewa?"

Donald akajaribu kumweleza habari za sistimu. Shangazi alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwuliza huyo Sistimu ni wa ukoo gani, maana inaonekana mama yake hakumfunza.

Nyumba ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Hakuna aliyemnyima kikapu, na hapo ndipo palipouma. Wote walitaka kumrudishia, na kwa heshima kubwa. Mmoja anangoja ndizi ziive, mwingine anangoja kuku aangue. Ungedhani amekwenda kuomba mvua.

Jua lilipofika utosini, akili ikamjia. Akaingia dukani, akanunua pakiti moja ya sukari, akarudi kwa shangazi Wakio. Akamkabidhi. Shangazi akashukuru, akaingia ndani, akatoka na vikapu vyake vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na ndani ya cha juu kabisa, pakiti ya sukari. Akampa kwa mikono miwili. Donald akaipokea sukari kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanaonana, akaenda nayo nyumba ya pili.

Naam, pakiti ile ile. Ilizunguka ukoo mzima, ikaingia na kutoka kwenye kila kikapu, na kila mtu akabaki na heshima yake. Nyumba ya mwisho mama mmoja aliipindua pindua akasema, "Donald, mbona sukari hii imechoka?" Donald akasema ni barabara. Jioni akashuka Voi juu ya bodaboda, vikapu vimefungwa nyuma yake kama ghorofa.

Mzigo ukafika Nairobi kwa wakati, harusi ikapambwa, na Jumapili karibu na jina la duka ikatokea alama ya kijani: Muuzaji wa Kuaminika. Donald akanunulia mtaa mzima soda. Akahutubia. Akasema siri ya biashara ni kujua ulicho nacho, na kwamba duka lake halina wasiwasi, mteja asiporidhika arudishe ndani ya juma moja. Watu wakapiga makofi, soda ni soda.

Jumatano gari la mizigo likateremsha maboksi mlangoni kwake. Donald alifungua la kwanza, akakuta vikapu. La pili, vikapu. Vyote thelathini, na ndani ya kila kimoja kipande cha keki kilichofungwa vizuri kwa karatasi. Simu ikalia. "Asante sana, vilipendeza mno," aliandika Shanice. "Harusi imekwisha, nimevirudisha. Nyanya yangu, wa huko huko kwenu Mwatate, amenikataza kurudisha vitupu." Na sistimu, kwa kuwa haidanganyi, ilikuwa imeshamrudishia bibi harusi pesa zake zote.

"Mwizi!" Donald alipiga kelele. "Mwizi wa mchana!"

"Mwizi gani analeta keki?" Daisy alisema, mdomo umejaa.

Donald akaenda kusimama mlangoni pa stoo. Simu ilisema arobaini. Akahesabu vikapu, navyo vilikuwa arobaini. Tangu afungue duka, hiyo ndiyo siku ya kwanza kuhesabu akakuta simu na chumba vinasema neno moja, naye hakuwa na hamu hata ya kumwonyesha mtu.

Simu ikalia tena. Alikuwa shangazi Wakio, sauti imejaa furaha: mjukuu amezaliwa Wundanyi, wanakwenda kumwona, na je, hatakosa vikapu viwili?

Donald akaitazama ile alama ya kijani. Akamtazama Daisy. Akapumua.

"Njoo uchukue, shangazi. Lakini safari hii ukivirudisha, nakuomba, rudisha vitupu."



"Donald," shangazi akasema polepole, "hebu mpe Daisy simu. Nataka aniambie umeanza kuumwa lini."