Mchezaji wa Pili

Katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, karibu na stoo, alikuwapo mtu mmoja kazi yake kutengeneza meno ya bandia. Wenzake walimwita Fundi Meno. Daktari alichukua vipimo vya kinywa cha mgonjwa huko mbele, kalibu ikaletwa kwa Fundi kwenye sahani ya bati, naye akamimina plasta, akasubiri ikauke, akapanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine, akakwangua, akasugua mpaka yakang'aa. Kwa miaka ishirini na minne alivijua vinywa vya watu wengi mno ambao hata sura zao hakuzijua.

"Kuna watu wazito humu mjini," alipenda kusema, "wanacheka kwa mkono wangu."

Hakuwa na mzaha mwingine zaidi ya huo. Karani wa mapokezi, mama mmoja mcheshi, aliucheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia.

Fundi alikuwa na miaka hamsini na hakuwahi kuoa. Aliishi na dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao. Dada aliuza miwani dukani. Naye hakuolewa, na majirani walishaacha kuuliza. Kila Jumamosi alasiri, wakishamaliza kudeki na kuanika nguo, ndugu hao wawili walikaa sebuleni mbele ya televisheni ya zamani yenye kichogo kinene, wakachomeka kaseti kwenye mashine iliyokuwa imeshapauka, wakacheza gemu.

Gemu ilikuwa moja tu, ile ya wazima moto wawili wanaopanda jengo la ghorofa tisa linaloungua. Wa kwanza ana shoka, anavunja milango. Wa pili ana bomba la maji, anazima. Hawaruhusiwi kuachana zaidi ya hatua chache, maana wa kwanza akitangulia sana anaungua, na wa pili akibaki nyuma anakosa hewa. Dada alishika padi ya kwanza, kile kidude cha vitufe cha kuongozea mchezo, tangu siku ya kwanza. Fundi alikuwa mtu wa bomba. Hata jina la utani alilopewa na dada yake lilitoka huko: Wa Pili.

Basi Dada, akiwa na miaka hamsini na sita, akawashangaza watu. Alikuja dukani mgane mmoja mpole aliyekalia miwani yake ikavunjika, akarudi kesho yake kuirekebisha, akarudi tena keshokutwa ikiwa haina kasoro yoyote. Baada ya miezi minane walioana. Mume alikuwa na kazi katika nchi ya mbali, mwendo wa ndege mbili. Siku ya kuondoka, Fundi alibeba masanduku mpaka kwenye gari na kuyapanga vizuri kuliko alivyoombwa.

"Utaweza?" Dada alimwuliza.

"Mimi si mtoto."

"Sijakuuliza kama wewe ni mtoto."

"Nitaweza, Dada. Nenda, mtachelewa."

Jumamosi ya kwanza alideki, akaanika, akawasha mashine, akakaa mahali pake pa siku zote, upande wa kushoto wa kochi. Ukicheza gemu ile peke yako, yule wa pili anabaki amesimama mlangoni na bomba lake, anapepesa macho. Fundi akachukua padi ya dada yake mikononi, ile nyingine akaiweka sakafuni na kuibonyeza kwa vidole vya mguu. Alifika ghorofa ya tatu. Akajiona kioja, akazima. Jumapili nzima hakutoka nje.

Karani alimwona amepooza, akamdodosa mpaka akaambiwa.

"Kumbe tatizo ni hilo tu? Siku hizi huhitaji hilo dude, Fundi. Lete simu."

Chakula cha mchana hakikuisha, gemu ikawa ndani ya simu, pamoja na nyingine mia tatu ambazo hakuziomba. Fundi akawa anacheza mezani kwake, katikati ya mataya ya plasta. Vitufe vilichorwa juu ya kioo, na kidole gumba kikiwa juu yake moto hauonekani. Wa pili aliendeshwa na simu yenyewe, kwa ustadi wa kuchosha. Tena kulikuwa na kitufe cha kurudisha nyuma, kwamba ukiungua unakibonyeza, unarudi sekunde tano, mambo yanaendelea kama hukuungua. Kwa kitufe hicho alifika paani siku ya nne, huku akitafuna mkate. Aliangalia wazima moto wale wakipunga mikono juu ya paa, akafuta makombo mezani, akarudi kwenye nta. Hakuwa na la kumwambia mtu.

Dada alipopata habari alimsukuma mumewe, na shemeji huyo akatuma kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Humo ndani zilikuwamo gemu zote za enzi zile, na kilichomekwa kwenye televisheni mpya, ile bapa ya chumbani. Uzuri wake ni kwamba watu wawili walioko mbali waliweza kucheza pamoja kwa mtandao, wakisikilizana kwa vipaza sauti vya masikioni.

Jumamosi hiyo Fundi alivaa shati safi, ingawa hakuna aliyemwona.

"Wa Pili! Unanisikia?"

"Nakusikia. Mbona unapumua hivyo?"

"Nimepanda ngazi. Nyumba za huku ni ngazi tupu. Haya, twende."

Wakaenda, lakini mtandao ulisuasua. Fundi alibonyeza bomba sasa, maji yakatoka baadaye kidogo, moto ukiwa umeshamla dada yake. Walicheka mpaka machozi. Jumamosi ya pili walicheka pia. Ya tatu Dada alichelewa kwa sababu ya wageni. Ya nne alituma ujumbe kwamba anaumwa kichwa. Ya tano alikuja, wakaungua mara sita ghorofa ya pili, kisha kukawa kimya masikioni.

"Dada? Umekatika?"

"Nipo. Ndugu yangu, nikwambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Mimi gemu hii sijawahi kuipenda."

Fundi alidhani ni mtandao umekula maneno. "Hujawahi nini?"

"Kuipenda. Tangu zamani. Inaniumiza macho, na ule muziki wake unanikera. Nilikuwa nacheza kwa ajili yako."

"Miaka arobaini?"

"Karibu."

Ilikuwa hivi. Mama yao alipofariki, Fundi alikuwa na miaka kumi na moja, akaacha kusema. Alisikia, alikula, alioga, lakini neno halikutoka. Baba, aliyekuwa fundi wa lifti, alimpeleka huku na huko bila mafanikio. Mwaka ule ule mtu mmoja wa kazini kwake alihama akamwachia mashine ya gemu. Dada, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa na mitihani yake na mashoga zake, aliichomeka, akamtia mdogo wake padi ya pili mikononi, akakaa naye. Wiki ya tatu, kwenye roshani ya ghorofa ya nne, mtoto alisema: "Ngoja, maji yameisha." Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi mitano.

"Nikaogopa kuacha," Dada alisema. "Nilidhani nikiacha utanyamaza tena. Halafu ukawa mtu mzima, nikawa sijui naachaje. Nilikuwa nakaa na wewe, siyo na gemu. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Umekasirika."

"Hapana. Pumzika, kichwa kisije kikauma."

Akavua vipaza sauti akaviweka juu ya kisanduku. Hakulia. Alienda jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kilichomchoma ni kwamba siku zote alijiona yeye ndiye aliyekuwa akimfurahisha dada yake. Kuna Jumamosi alizojisikia kulala na akajikaza kisabuni, akisema moyoni, maskini Dada, hana burudani nyingine.

Wiki saba hakupiga simu. Alizopigiwa alizijibu kwa ujumbe mfupi: nipo kazini, nitakutafuta.

Ni karani tena aliyemwambia kuhusu ukumbi uliokuwa juu ya duka la rangi, ambako watu hukusanyika kucheza gemu za zamani kwa mashine zenyewe na televisheni zenyewe za kichogo. "Nenda ukaone watu," alisema. "Unakaa na meno kutwa, utaanza kuongea nayo."

Alienda Jumamosi. Chumba kilikuwa kirefu, mapazia yameshushwa, televisheni zaidi ya kumi zinatoa mwanga na ule mlio mwembamba alioufahamu tangu utotoni. Wengi walikuwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mashine zile zilipotoka viwandani. Mwisho wa chumba aliiona gemu yake. Binti mmoja mwenye saa ya kupimia mbio shingoni alikuwa akiicheza peke yake, padi moja mikononi, nyingine mguuni.

Fundi alisimama nyuma yake kwa dakika nyingi. Mwishowe akasema, "Bomba liwahishe kabla mlango haujafunguka."

Binti hakugeuka. "Unaijua?"

"Upande wa bomba."

"Kaa."

Wakacheza. Fundi hakuwa amewahi kuona shoka likienda mbio namna ile, lakini mikono yake ilijua pa kuwapo kabla yeye mwenyewe hajafikiri, na maji yalitangulia kila mlango. Watu wawili watatu wakasogea kutazama. Walipofika kwenye roshani ya ghorofa ya nne, mzima moto wa pili akasimama.

"Vipi?" binti akauliza. "Mbona umesimama? Twende!"

Fundi akaangalia mikono yake. Hapo ndipo Dada alikuwa akisimamisha mchezo. Roshani haina moto, unaweza kukaa utakavyo. Hapo ndipo alipomwuliza mambo yote: nani amekuonea shuleni, kwa nini huli, yule mchumba imekuwaje, Baba amesema nini hospitalini. Mambo yote makubwa ya maisha yake aliyasema kwenye roshani ile, macho yakiwa kwenye kioo. Alikuwa akidhani dada yake anapumzisha vidole.

"Samahani," akasema. "Mazoea."

"Tumepoteza sekunde kumi na mbili."

Walifika paani kwa dakika ishirini na tisa. Yeye na Dada ilikuwa inawachukua alasiri nzima. Waliokuwa wakitazama walipiga makofi kidogo. Binti alisimamisha saa, akaandika kitu kwenye daftari, na kabla wale wa paani hawajamaliza kupunga mikono akabonyeza kuanza upya.

"Tena," akasema.

Walicheza mara tisa siku ile. Binti hakumwuliza anafanya kazi gani, wala anaishi wapi, na Fundi naye hakujua aanzeje kumwuliza yeye. Alishuka ngazi vidole vinamuuma, amesifiwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na njia nzima hakuona fahari yoyote. Alikaa zaidi ya saa nne bega kwa bega na mtu, na hata jina lake hakulipata.

Kesho yake asubuhi, kabla hajavaa viatu, akapiga moyo konde, akampigia dada yake. Bila kioo cha kutazama, Fundi hakujua aweke wapi macho, akayaweka kwenye bomba la sinki.

"Nimekuwa mkorofi," akasema.

"Umekuwa mkorofi kweli."

"Huko kwenu unafanya nini kutwa, Dada? Unachokipenda wewe."

Dada alilirudia swali polepole, kama mtu aliyeombwa kitambulisho ambacho hakumbuki alikokiweka. Kisha akasema anajifunza kuogelea, katika bwawa la ndani lenye maji ya moto, na vikongwe wenzake, na kwamba anaogopa kuzamisha kichwa. Aliongea dakika arobaini. Fundi aliuliza maswali. Mengine yalikuwa ya kijinga, kama vile maji yanaingia masikioni au la, lakini aliyauliza.

Ukumbini aliendelea kwenda. Yeye na binti wa saa walishindana katika mashindano ya wawili wawili wakashika nafasi ya nne. Mwezi uliofuata binti akapata kazi mji mwingine, akaaga kwa kumpa mkono haraka haraka. Tangu hapo Fundi anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, na mtu akihitaji wa pili, kwa gemu yoyote ile, anamwita. Jumamosi nyingine haitwi.

Dada alikuja mwaka uliofuata, yeye na mumewe, kwa siku kumi. Walipaka rangi chumba cha mbele, shemeji akaanguka kutoka kwenye ngazi bila kuumia, wakacheka. Mashine ilikuwa kabatini, na hakuna aliyeitaja. Siku moja alasiri Dada alisinzia kwenye kochi akiwa bado na brashi mkononi, na Fundi akaitoa taratibu vidoleni mwake, akaiosha, akakaa kwenye kiti cha mkabala akimwangalia amelala mdomo wazi. Kwa macho ya kazi yake aliona jino moja la juu limeanza kulegea, akajua baada ya miaka miwili mitatu litahitaji mkono wa mtu. Hakumwambia.

Waliondoka Alhamisi. Aliwasindikiza, akarudi, akatoa mashuka kitandani, akayafua, akayaanika. Upepo ulikuwa mzuri, yalikauka upesi kuliko alivyotaka.