Bi Zaitun Bado-Mnaongea

Jina la Bado-Mnaongea hakupewa na wazazi wake. Wao walimwita Zaitun binti Harith, na walikuwa wamehama Malindi kuja Voi baba yake alipofungua duka la vitambaa karibu na stesheni. Jina la pili alilipata kazini.

Siku hizo, aliyetaka kuzungumza na mtu wa Mombasa, Nairobi au Taveta hakupiga simu moja kwa moja mwenyewe. Aliinua mkono wa simu, akamsubiri opareta, akataja nambari, naye opareta akachomeka waya katika tundu lake kwenye ubao mkubwa. Dakika tatu zikitimia, opareta aliingia katikati ya mazungumzo kuuliza kama wahusika wangali wanaendelea. Maopareta wengine waliuliza upesi na kukata upesi zaidi. Zaitun aliuliza kwa sauti ya utulivu, “Bado mnaongea?” kisha akasubiri jibu.

Wakesho, muuza mboga wa soko la Voi, alikuwa akipokea simu ya shemeji yake kutoka Mombasa swali hilo lilipomfikia. Dakika hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameambiwa kuwa mumewe amefariki. Hakuweza kujibu ndiyo wala la. Waya haukukatwa. Baada ya kitambo sauti ile ilirudi na kusema, “Endelea, mama. Laini ni yako.” Tangu hapo Wakesho hakumwita Zaitun kwa jina jingine ila Bado-Mnaongea, na neno likisemwa na Wakesho sokoni asubuhi, adhuhuri huwa limekwisha kufika mji jirani wa Maungu.

Kazi ile Zaitun aliifanya kwa namna yake. Hakukaa na laini moja hata kama mazungumzo yake yalikuwa matamu. Alipitia kila waya, akasikiliza neno moja kuhakikisha watu wanasikizana, akasema “naam” kimoyomoyo, akaenda kwa wa pili, wa tatu, hadi mwisho wa ubao, kisha akaanza upya. “Laini usipoipitia,” alikuwa akiwaambia maopareta wapya, “mtu ataongea na ukuta na hatajua.” Wala hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu. Aliyemsifu alijibiwa, “Ni kweli. Mji huu nimeushika kwa vidole kumi.”

Katika miaka ya tisini mtambo mpya uliwekwa, kila mtu akaanza kupiga simu mwenyewe. Maopareta waliagwa kwa chai na hotuba. Zaitun alipoulizwa angependa zawadi gani, aliomba kiti chake kirefu cha kazi, kile cha kuzunguka. Walicheka, wakampa. Alikibeba kichwani kutoka ofisini hadi nyumbani, buibui likipepea, akipokea salamu njia nzima kama bibi harusi.

Kiti hakikumpa kazi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi katika nyumba ya marehemu baba yake, nayo sasa ilikuwa chini ya kaka yake Alwi wa Malindi. Alwi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wake ulikuwa na amri ndani yake.

“Ukipata kazi, dada yangu, baki,” alimwambia. “Usipopata, mwisho wa mwezi huu naja na gari kuchukua vyombo. Nyumba tutaipangisha. Mwanamke peke yake Voi anangoja nini?”

“Anangoja mwisho wa mwezi,” Zaitun akajibu.

Wakati huohuo Zubair, kijana mfanyabiashara, alikuwa amefungua chumba cha kompyuta ghorofani, juu ya duka la marehemu babu yake. Ulikuwa mwaka 1998, na wengi wetu tulikuwa hatujaona kompyuta ila kwenye picha. Zilikuwa nne, zimeunganishwa kwa waya. Asubuhi watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi. Alasiri walikuja kucheza vita.

Mchezo wenyewe ulihusu vita vya miaka michache ijayo, majeshi mawili yakigombea madini. Kila mchezaji alipewa kambi, malori ya kukusanya madini, mtambo wa umeme na kiwanda cha kuundia vifaru. Haukuwa kama bao au drafti, ambapo mwenzako hungoja ucheze ndipo naye acheze. Hapa hakuna aliyengoja. Ukiwa umekodolea macho vifaru vyako vinavyopigana mtoni, nyuma yako malori yamesimama, umeme umepungua na mizinga ya kambi imezimika.

Zubair alihitaji mtu mmoja wa kushika chumba. Waliofika kuomba walikuwa wawili, wote wakubwa kwake kwa umri. Mmoja alikuwa Zaitun. Wa pili alikuwa Geoffrey Mwakio, Mtaita mpole aliyekuwa stesheni masta wa Maungu mpaka reli ilipopunguza watu. Geoffrey alisifika kwa jambo moja. Katika miaka yake yote hakuruhusu hata mara moja treni ya pili kuingia njiani kabla ya ile ya kwanza kufika. Hapakutokea ajali mikononi mwake, naye alijua hivyo.

Zubair aliwatazama, akajikuna kidevu. “Wazee wangu, kazi hii ni ya kuangalia watu wanne kwa wakati mmoja. Huyu karatasi imemkwama, yule kompyuta imemgomea, wa tatu anataka kufundishwa, wa nne anaondoka bila kuaga. Siwezi kuwapima kwa maneno. Jifunzeni huu mchezo wiki mbili, kisha mcheze. Atakayeshinda nampa ufunguo.”

“Mchezo wa watoto?” Geoffrey akauliza.

“Bwana Geoffrey, ukiogopa sema,” Zaitun akasema. “Mimi kesho naja na kiti changu.”

Mji uligawanyika papo hapo, Simu upande huu na Reli upande ule. Wakesho alikuwa mkuu wa Simu. Mkuu wa Reli alikuwa Silvanus, fundi wa zamani wa mabehewa. Kila jioni wawili hao walitupiana maneno hotelini hata wasiojua kompyuta ni mnyama gani wakawa na upande.

Mazoezini Zaitun alijifunza upesi kuliko alivyotarajiwa. Kuizungukia kambi ilikuwa kama kuuzungukia ubao wake wa zamani. Alikwenda kwenye malori, kwenye umeme, kwenye kiwanda, kwenye daraja, akisema “naam, naam” kwa sauti ya chini, kisha akaanza upya. Hakuna kitu chake kilichosimama bila kuangaliwa. Hata hivyo alikuwa akishindwa, na kila mara kwa sababu ileile. Lori la madini la adui lilipopita peke yake mbele ya vifaru vyake, aliliacha lipite.

“Mbona hulipigi?” Zubair alimuuliza.

“Si linafanya kazi yake? Acha limalize.”

“Bi Zaitun, likimaliza linarudi kwao na madini, wanaunda vifaru, wanakuja kukupiga wewe!”

Alilifahamu hilo. Vidole ndivyo vilivyokataa. Miaka yote ile vilikuwa vimezoea kutomkata mtu katikati, na tabia ya kazi haiondoki pamoja na kazi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ilifika. Alwi alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba anafika Jumapili na gari. Baada ya sala ya alasiri chumba kilijaa, ngazi zikajaa, wengine wakabaki barabarani wakipokea habari kutoka dirishani. Zaitun alikalia kiti chake kirefu. Geoffrey alikuja na tai, kofia na koti lake la reli, akaketi upande wa pili, mgongo wake ukielekea mgongo wa Zaitun.

“Geoffrey, mpelekee hiyo treni mpaka jikoni kwake!” Silvanus akaanza.

“Treni yenyewe ina umri wa bibi yako!” Wakesho akamjibu.

Mchezo ulianza. Kati ya kambi mbili palikuwa na mto na daraja moja. Geoffrey alijenga kwa utaratibu, kila jengo mahali pake, malori yake yakienda na kurudi kwa mpango. Vifaru vyake vilikuwa vingi kuliko vya Zaitun, naye alivipanga vikosi viwili. Kikosi cha kwanza kilivuka daraja. Zaitun alikipokea upande wake wa mto kwa vifaru karibu vyote alivyokuwa navyo, na pakazuka mapigano makali. Chumba kizima kilitazama hapo. Zaitun peke yake hakutazama hapo tu. Alikwenda kwenye malori, kwenye umeme, kwenye kiwanda, akarudi darajani. “Naam. Naam.”

Walakini alikuwa akizidiwa. Kikosi cha pili cha Geoffrey kingevuka, mambo yangekwisha. Nalo lori la madini la Geoffrey likapita kandokando ya vifaru viwili vya Zaitun vilivyobaki pembeni, limejaa, likirudi nyumbani polepole. Kipanya kilisimama mkononi mwa Zaitun. Sote tuliona.

Ndipo Wakesho alipopaza sauti kutoka mlangoni. “Kata, Bado-Mnaongea! Huyo hajafiwa!”

Chumba kililipuka kwa kicheko, hata Geoffrey mabega yake yakatikisika. Zaitun hakucheka. Aligeuka nusu, akamtazama Wakesho, mama aliyewahi kulia masikioni mwake bila wao kuonana. Kisha akarudi kwenye kioo, akabonyeza. Lori lilipasuka. Alilifuata la pili, akalipasua nalo. Kiwanda cha Geoffrey kikakosa madini, kikanyamaza.

“Vusha kikosi cha pili!” Silvanus alimpigia Geoffrey kelele. “Vusha sasa, ungali unamzidi!”

“Cha kwanza hakijafika,” Geoffrey akasema, macho hayabanduki.

“Hakifiki hicho, ndugu yangu! Kinauawa!”

“Basi njia haijawa wazi.”

Na hakuvusha. Kikosi chenye nguvu kuliko vyote vilivyokuwapo kilisimama upande wa pili wa daraja kikingoja kama treni ya mizigo Maungu, hata cha kwanza kilipokwisha na vifaru vipya vya Zaitun vilipotoka kiwandani na kuvuka vyenyewe. Geoffrey alipambana vizuri mpaka mwisho. Hakuna aliyesema vinginevyo. Alibakiwa na jengo moja tu, limezungukwa pande zote.

Zaitun aliondoa mkono kwenye kipanya. Bila kugeuka, kwa sauti ile ambayo kila mtu mzima mjini alikuwa ameisikia katika simu, aliuliza, “Bado mnaongea?”

Geoffrey alivuta pumzi, akalegeza tai. “Tumemaliza, dada,” akasema. “Unaweza kukata.”

Akakata.

Kelele zilizotoka pale zilisikika hadi stesheni. Silvanus mwenyewe alipiga makofi, akidai kwamba Reli haikushindwa, bali ilizingatia kanuni. Geoffrey alisimama, akavua kofia, akampa Zaitun mkono. “Kikosi kile,” alimwambia, “hata leo tukirudia, sitakivusha.”

“Najua,” Zaitun akasema. “Ndiyo maana nilikuwa nikilala vizuri ndani ya treni zako.”

Zubair alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, kwa heshima, kwa mikono miwili. Zaitun aliuchukua kwa mmoja. “Kwa wiki mbili ulikuwa ukinitazama kama mgeni wa kompyuta,” alimwambia. “Mimi nilikuwa nikiunganisha waya mjini hapa kabla hujazaliwa, mwanangu.”

Watu walipoanza kutawanyika aliomba simu ya dukani, akapiga Malindi mwenyewe. “Alwi,” akasema, “gari la kesho lije tupu na lirudi tupu. Ukitaka kuja, njoo unywe chai, kisha nikuonyeshe nilipo.” Alisikiliza jibu refu la upande wa pili, akatabasamu. “La, si ualimu. Si ukarani. Nimeshinda vita, kaka. Nitakueleza ukifika.”

Alipanda tena ghorofani. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza kuingiza vumbi jekundu la Voi kupitia dirishani, nalo si rafiki wa mashine yoyote. Alifunga dirisha. Kutoka kwenye mfuko wake alitoa vifuniko vinne alivyoshona mwenyewe wiki hiyo kutokana na masalio ya vitambaa vya baba yake, kabla ya kujua kama atavihitaji. Alipitia kompyuta moja baada ya nyingine, akaifuta kioo, akahakikisha imezimwa, akaivika. Alipofikia ya nne, ile aliyoichezea, alivuta ncha ya kitambaa mpaka kona ya mwisho ikafunikwa, akakilainisha kwa kiganja, akasukuma kiti chake kirefu chini ya meza.